Hongera, Bodi Yetu

Wanaoisema vibaya bodi ya shule yetu hawaijui Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Bunge la Kenya liliagiza kamati tano tu: ya fedha na ununuzi, ya taaluma, ya nidhamu, ya ukaguzi, na ya watumishi na ustawi wa wanafunzi. Bodi yetu, kwa ukarimu wake, imefika tisa, ikiwemo moja ya kuratibu zile nyingine. Mlango wa choo cha wasichana ulipong'oka, haukuachwa yatima: umeshapitia kamati sita.

Mwenyekiti wa fedha ndiye pia mwenyekiti wa ukaguzi. Busara iliyoje! Nani azijue hesabu zake kumshinda mwenyewe? Hajawahi kujikuta na kosa. Hadidu za rejea za kamati hazijaandikwa, hivyo hakuna aliyezikiuka. Akidi hutimia sambusa zikiingia, na posho husainiwa kabla ya ajenda, maana binadamu husahau. (Ajenda ndiyo husahaulika, lakini hilo ni dogo.)

Mlango umewekwa kwenye mengineyo, mkutano ujao. Kwa sasa wasichana wametundika leso, na kamati ya ununuzi inauliza leso hiyo ilipita zabuni gani.