Barua ya Wazi kwa Dirisha la Wazee

Mheshimiwa Dirisha,

Wakazi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, wanakushukuru kwa kibao cha "Mzee Kwanza". Mzee anapishwa foleni, anafika mbele yako, kisha anaulizwa: kitambulisho kiko wapi?

Amekificha. Tena amekificha vizuri mno, hata mwenyewe hajui kilipo, na bintiye ndiye anayeshukiwa kukiiba.

Anatoka wilaya gani? Mzee anajibu: Mbinga. Karani anatikisa kichwa, maana Liuli, kwao mzee, iko Nyasa. Hapo asionewe, Mheshimiwa. Hadi 2012 Liuli ilikuwa Mbinga kweli. Aliyehamisha mipaka ni Serikali, si ugonjwa wa kusahau.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitambua uzee kuanzia miaka 60, na matunzo ikaiachia familia. Familia yenyewe, ukiihesabu, huwa ni binti au mkwe mmoja. Anamwogesha baba asiyetaka maji, anaficha kasia asije akaenda kuvua usiku, anaulizwa kila jioni mama yuko wapi. Akisema alishazikwa, msiba unaanza upya. Huko juu Umatengoni mwenzake anamsaka mama kwenye mashimo ya kilimo cha ngoro: mama kaenda kuchuma kahawa ya shamba lililouzwa zamani. Posho hawana, likizo hawana.

Majirani wanasema mzee karogwa, au mchawi ni yeye. Dirishani mabinti wanaambiwa ni uzee tu.

Aina inayojulikana zaidi ya maradhi haya ya kusahau ilielezwa na daktari Alois Alzheimer mwaka 1906, mwaka uleule Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Maji Maji mjini Songea. Mashujaa wanaadhimishwa kila Februari. Maradhi yangali yakisubiri foleni, ingawa utafiti wa wilayani Hai, uliochapishwa 2013, uliyakuta kwa takriban asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi.

Maombi ni machache. Wahudumu wa zahanati wafundishwe kuyatambua maradhi haya. Shinikizo la damu na kisukari, vinavyoyachochea, vipimwe na kutibiwa Lituhi bila safari ya Songea. Binti aruhusiwe kumsemea baba dirishani. Na mhudumu wa afya wa kijiji apangiwe siku ya kukaa na mzee, ili binti naye akalale.

Nakala: Wizara ya Afya.