Vichungwa vya Jirani

Asubuhi ya tarehe 29 Januari 2025, siku ya kwanza ya Mwaka wa Nyoka, mwanangu wa miaka mitano alikula bahati ya jirani yetu, bibi mmoja wa Guangzhou. Aliila pamoja na maganda.

Kusini mwa China, Mwaka Mpya ukikaribia, milango na maduka huwekewa miti midogo iliyosheheni vichungwa vya ukubwa wa kidole gumba. Kwa Kikantoni jina la kichungwa hicho hutamkwa sawa na neno la heri. Hayo nilielezwa baadaye. Mtoto yeye aliona matunda yamening'inia usawa wa mdomo wake, kwenye korido, bila mlinzi. Nilipofika, ushahidi ulikuwa mbegu chache juu ya zulia la watu na mti wenye kipara upande mmoja.

Nikaona nilipe kistaarabu. Nikachukua bahasha nyekundu, kama desturi yao, nikatia noti nne mpya za yuan kumi kumi kwa ajili ya mjukuu wa bibi huyo. Mke wangu akaniwahi mlangoni.

"Baba watoto, nne? Unamtakia mtoto wa watu kifo?"

Ni kweli, nne na kifo kwao hutamkwa karibu sawa. Kuna majengo ambayo lifti zake hazina kabisa kitufe cha namba nne. Nikatoa noti mbili. Ni mara ya kwanza maishani ubahili wangu kuhesabiwa kuwa adabu.

Basi huyo huyo mwalimu wangu akatoka na ufagio afagie zile mbegu. Mlango wa jirani ukafunguka. Bibi alipoona ufagio alipiga ukelele, akaudaka mpini, wakavutana pale kama wanagombea kitenge. Nikatoa simu inayotafsiri. Bibi akaisemesha, simu ikatutamkia: "Leo usifagie, utatoa utajiri nje."

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Amelelewa na bibi yake aliyekuwa akimnyang'anya ufagio kila jua likizama, kwa sababu hiyo hiyo: unafagia riziki. Aliuachia mpini kama kaungua.

Bibi akautazama mti. Akamtazama mtoto, shati lote maji ya vichungwa. Akacheka mpaka akashika ukuta, akaingia ndani, akarudi na bahasha nyekundu ya mtoto. Mtoto akaichana papo hapo, mbele ya aliyempa, jambo ambalo kwao halifanywi. Nilishachoka kuomba radhi, nikajifanya sijaona.

Bibi alipofunga mlango nilihesabu vichungwa vilivyobaki upande ule wenye kipara. Vinne. Nikamwambia mwanangu ale kimoja.