Abiria wa Mwisho

Kwa Waheshimiwa wenye madaraka ya magari ya abiria,

Nawaarifu ya kuwa gari la Ujiji lingali stendi ya Mwanga, hapa Kigoma, injini ikinguruma, konda akinadi kwamba amebaki mmoja tu. Naye huyo mmoja apandapo, wawili tuliowadhania wenzetu hushuka, kumbe ni wapigadebe waliokalishwa vitini wawe chambo, na hesabu ikaanza upya.

Mmepanga nauli, mkapanga njia na hata rangi ya mstari wa ubavuni, ila saa ya kuondoka mkaiachia koo la mpigadebe. Dereva simlaumu: tajiri anangoja hesabu yake jioni, na viti vitupu havinunui mafuta.

Basi, maadamu safari zetu zote zimesimama kwa ajili ya mtu mmoja asiyejulikana aliko, nawasihi mumwajiri. Cheo chake kiwe Abiria wa Mwisho wa Serikali, chenye mshahara na kiinua mgongo. Apewe sare isiyofanana na ya mgambo, isije ikawatimua wauza ndizi. Makazi yake yawe papo hapo stendi, na awepo naibu wa kushika zamu yeye akiwa likizoni. Afundishwe fani ya kubanana, na kupakata mtoto wa watu pamoja na ndoo ya migebuka pasi na kukunja uso. Kila konda atamkapo "bado mmoja", atokee kwa adabu, aketi, mlango ufungwe. Na tukiwasili Ujiji arejeshwe kwa pikipiki ya Serikali akaliokoe gari la pili. Kibirizi nako, kwenye maboti ya Kagunga, wapelekewe wa kwao, ajuaye kuogelea.

Mnacheka? Mama aliyeshikwa na uchungu hungojea vivyo hivyo garini, pale Ujiji, akitaka kufika hospitali ya Maweni, samaki wa mchuuzi wakiozea miguuni pake, ilhali magari yenu huondoka na mtu mmoja tu ndani, tena vioo vimepandishwa! Niwieni radhi, ni joto la garini.

Wala hatuombi bidaa. Liemba, meli iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ikaja kuinuliwa 1924, ilikuwa na Jumatano yake ya kuondoka Kigoma kwenda Mpulungu, iwe imejaa au haikujaa. Na aghalabu ilipochelewa, tulipata walau neema ya kusema kwamba imechelewa, kwani gari lisilo na saa halichelewi kamwe. Kwa hiyo twaomba pia ratiba, hata ya uongo, ili tuwe na la kushitakia. Na saa ya ukutani, hata iliyokufa.

Ikiwa fungu la mshahara halipo, cheo hicho kishikeni wenyewe kwa zamu, kuanzia Jumatatu, kiti cha nyuma juu ya tairi. Nauli mnaijua.

Wasalaam,
Ndimi mtiifu wenu, niliyepanda wa kwanza.