Goli Lililonitangulia

Miongoni mwa maradhi ambayo matabibu wameyasahau katika vitabu vyao ni ushabiki, nami kwa kudura ya Mola nimejaaliwa kuugua aina zake tatu kwa wakati mmoja: muziki wa jukwaani, upigwao na watu walio hai mbele ya macho yangu, kandanda, na yale masihara yasiyo na mwisho ambayo vijana huyaokota katika intaneti na kurushiana kutoka simu hadi simu. Kila moja peke yake ingevumilika. Zikikutana katika kiwiliwili kimoja, tena cha mtu wa makamo mwenye simu iliyopasuka kioo na mke asiyependa kelele, hapana wiki ipitayo bila ya kioja.

Maskani yangu ni Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini ya Lilongwe, mahali ambapo zama za Rais Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, na ambapo mwaka 1994 palifanywa kambi ya wakimbizi waliokadiriwa kuwa kiasi cha 10,000. Leo tumepita 50,000, wengi wetu Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda, na Waethiopia na Wasomali wachache, na sokoni lugha ituunganishayo ni Kiswahili, kila mtu na chake. Changu kilitoka kwa marehemu baba, mtu wa Kasongo katika Maniema, aliyenitia chuoni ningali mdogo na kunihimiza kwamba mwungwana hufika mahali kabla ya wakati. Wasia huo ndio ulioniharibia maisha, kwa maana katika mambo matatu niyapendayo hapana hata moja lijualo saa: ama lenyewe hunijia limechelewa, ama mimi hulifikia limekwisha; na ile nadra ya kufika kwa wakati ndiyo yenye balaa kubwa zaidi.

Kwanza Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja kamili, jambo ambalo halimdhuru mtu yeyote duniani isipokuwa shabiki wa Simba au wa Yanga aishiye Dzaleka. Matangazo hutoka Dar es Salaam na hutaja saa za Dar es Salaam. Tarehe 5 Novemba 2023 mahasimu hao walipokutana, jirani yangu mmoja, mtu wa Simba tangu utoto wake Kigoma, alisoma kwamba mchezo ungeanza saa kumi na moja jioni, naye akakaa kwake kwa utulivu akiipiga pasi fulana yake nyekundu hadi saa kumi na moja ya Dzaleka ilipotimu. Alipoingia katika kibanda cha video, akiwa amenyooka na kunukia, mapumziko yalikuwa yanakwisha, na timu zilikuwa sare ya goli moja kwa moja. Goli la Kibu Denis, ambaye ni mwana wa familia ya wakimbizi wa Kongo aliyepewa uraia wa Tanzania na kwa ajili hiyo tulilishangilia hata sisi tusiokuwa upande wake, lilikuwa limekwisha pita, na hilo ndilo lililokuwa fungu lake la furaha kwa siku ile. Yaliyobaki yalikuwa ya Yanga: mawili ya Maxi Nzengeli, moja la Aziz Ki, na penalti ya Pacome. Akayaona yote manne, moja baada ya jingine, bila ya kukosa hata moja. Kipenga cha mwisho kilipolia, akamwendea mwenye kibanda, ambaye hukusanya kiingilio kwa ukali wa karani wa forodha, akadai arudishiwe nusu ya fedha zake kwa hoja kwamba ameona kipindi kimoja tu. Mwenye kibanda akamjibu kwa upole usio wa kawaida yake kwamba waliokuja mapema waliona magoli mawili katika kipindi chao na yeye ameona manne katika chake, kwa hiyo ikiwa hesabu itafanywa kwa haki, anayedaiwa nyongeza ni yeye.

Mimi nikaazimia kujitegemea. Mtu mwenye simu na bando, nilijiambia, hana haja ya benchi la misumari la kibandani wala ya kubishana na karani. Atatazama mchezo uani kwake, miguu juu ya kigoda, chai ubavuni. Sikujua wakati ule jambo ambalo kila kijana wa kambi hii analijua, kwamba picha ya intaneti haiji moja kwa moja. Hukatwa vipande vipande, hupitishwa katika seva za nchi za mbali, kisha simu huvikusanya vya kutosha kabla ya kuthubutu kukuonyesha cha kwanza, na mtandao ukilegea hukusanya zaidi. Ilhali king'amuzi cha kibandani huletewa chake na satelaiti kwa njia isiyo na vituo vingi. Na kibanda kiko nyuma ya nyumba yangu, na sauti ya watu mia wanaopiga ukelele haihitaji bando.

Basi tokea siku hiyo nimekuwa mtu ajuaye ghaibu. Mshambuliaji wangu angali anauweka mpira katikati ya uwanja, nami nimekwisha kujua kwamba atakosa. Kipa anajipangusa glavu, nami nimekwisha kumhurumia. Mke wangu, ambaye hatazami kandanda lakini ana masikio, hunitangazia matokeo kutoka jikoni. Anaanza kwa kuniomba nisisikitike.

Siku iliyozidi zote ni ile ya tarehe 6 Januari 2026, Kongo na Algeria katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Morocco. Wasomaji watakumbuka kwamba mashindano hayo yalimpatia umaarufu Mkongo mmoja ambaye hakuugusa mpira, Michel Mboladinga, aliyekuwa akisimama jukwaani tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho pasipo kutikisika, suti yake maridadi na mkono wake wa kulia ameuinua, kwa mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Limete, Kinshasa. Dunia nzima ilimcheka kwa mapenzi, kisha ikamheshimu. Kibandani kwetu kijana mmoja akaona nasi tupate Lumumba wetu. Akapanda juu ya benchi la mbele, katikati kabisa ya kioo cha televisheni, akauinua mkono, akaganda. Walioketi nyuma yake wakamwomba, wakamtukana, wakamrushia maganda ya karanga; yeye, kwa kuwa sanamu haisikii, hakujibu. Wazee wakaamua kumwacha kwa sababu ya adhama ya jina alilolivaa. Dakika tisini zikapita kwa namna hiyo, zikaja za nyongeza, hata dakika ya 119 Algeria wakafunga. Waliokuwa nyuma ya sanamu hawajaliona goli hilo hadi leo, na baadhi yao husema ni rehema. Nami, uani kwangu, nilikuwa ningali nashangilia kona yetu, na nikashangaa kuona kwamba kibanda kizima kimenyamaza. Kelele ya goli la adui nimeizoea. Kimya kile kilikuwa kigeni, nikadhani umeme umekatika, nikawahurumia. Nikaendelea kufurahi peke yangu kwa takriban dakika nzima, furaha ambayo kwa hakika sikuwa na haki nayo.

Masihara ya intaneti nayo yana ajali yake, kwa maana uhai wake ni mfupi. Mzaha huzaliwa asubuhi Kinshasa au Dar es Salaam, ukifika adhuhuri umekwisha kupata watoto na wajukuu, na jioni umeoza. Mimi huupata siku ya tatu, bando likiruhusu, nikauona mpya, nikaupeleka kwa vijana wa mtaani, nao hunijibu kwa adabu inayouma kuliko tusi: "Papa, hiyo ilikwisha kufa."

Hapo ndipo nilipoipeleka picha ya yule Mboladinga, mkono juu, kwa jamaa zangu wote, walioko Bukavu, Kigoma na Marekani, katika kundi letu la ukoo, na chini yake nikaandika kwa fasaha niliyojisifia: "Hivi ndivyo shemeji angojavyo kuitwa kula." Ujumbe haukwenda. Ukabaki na ile saa yake ndogo kandoni, usiku kucha, mtandao umelala. Alfajiri mtandao ulipozinduka, ukaupeleka kwa hima kubwa, na ukatua barabara chini ya taarifa iliyoutangulia kwa dakika chache, taarifa ya kwamba shemeji yetu mmoja wa Bukavu, mzee wa watu, ameitika wito wa Mola wake. Shangazi wa Kigoma akanijibu kwa ujumbe wa sauti. Ulikuwa mrefu kuliko matanga, na yaliyomo humo nayaacha humo.

Kuhusu muziki nitasema kwa urefu kidogo, maana ndio uliotangulia moyoni mwangu. Rafiki yangu mmoja Mmalawi, seremala wa Eria 36 huko Lilongwe, alinipasha habari kwamba bendi ipigayo rumba ingetumbuiza mjini siku ya Jumamosi, saa nane mchana. Mkimbizi hatoki Dzaleka kama atokavyo chumbani kwake: nikatafuta kibali, nikapewa cha siku moja, nikapanda minibasi, ambayo haikuondoka mpaka ilipojaa, na ilipojaa ikangoja ijae tena, tukapita Lumbadzi, tukapita Kanengo, nikashuka mjini jua liko utosini. Mwenye kuuingia mji wa Lilongwe kwa mara ya kwanza na atahadhari na hesabu yake, kwa kuwa mitaa imepewa nambari, lakini nambari hazijuani: Eria 24 iko kusini, na Eria 25, ambayo kwa akili ya mtoto wa darasa la kwanza ingekuwa mlango wa pili, iko kaskazini, na mji mzima umelala katikati yao. Ukumbi ulikuwa katika Eria nyingine kabisa na ile niliyoidhania. Hata hivyo wasia wa baba ukanisukuma, nikafika saa nane kamili, natoka jasho, nimevaa koti.

Hapakuwa na mtu ila lori na wanaume wanaoshusha spika. Mmoja, mwenye miwani nyeusi, akanitazama koti, akanitazama viatu, akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa nyaya. Chichewa changu kinatosha kununulia nyanya, hakitoshi kukatalia kazi. Kabla sijapata neno la kujieleza nilikuwa nimeshika pembe moja ya spika, tunaingia kwa mlango wa nyuma. Kisha nikafunua nyaya, nikazifunga, nikaambiwa nipande nijaribu kipaza sauti, nikasema moja, mbili, moja, mbili, kwa lafudhi ya Kasongo, na mtu wa miwani akaniinulia kidole gumba. Kwa hiyo naweza kusema bila ya uongo kwamba nimewahi kusimama jukwaani Lilongwe.

Wanamuziki waliwasili jua likizama. Minibasi ya mwisho ya kaskazini haingoji rumba, na kibali changu kilikuwa kinafia usiku ule ule. Mpiga gitaa la solo alipoanza kulibembeleza gitaa lake, nami nikijua kwamba sebene, ile sehemu ya magitaa iwainuayo watu kucheza, liko mbele kidogo tu, nikainuka kwenda zangu. Na pale mlangoni bawabu akanitaka tikiti. Nikamweleza kwamba natoka. Akasema anaona, lakini asiye na tikiti hakuingia, na kama hakuingia hawezi kutoka. Nikalipa kiingilio, nikatoka nje, na sebene likaanza nyuma yangu.

Ndiyo sababu nalitukuza Tamasha la Tumaini, ambalo Menes la Plume, mshairi na mwanamuziki wa Kongo aliyekuwa mkimbizi hapa hapa kwetu, alilianzisha mwaka 2014, na ambalo huwaleta wasanii na wageni kambini, bure, bila ya mimi kuomba kibali cha mtu. Mwaka huo huo UNESCO iliiorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi, na rumba ya Kongo ikafuata mwaka 2021. Zote mbili nimezisikia hapa nikiwa nimevaa kandambili. Wageni hulala katika nyumba zetu. Tulipata mmoja kutoka Lilongwe, kijana mtaratibu mwenye kalamu, akaniuliza bendi kubwa itapanda saa ngapi. Nikamwambia saa nane. Akaandika.

Bendi ilipanda usiku mkubwa, matone ya mvua za Novemba yamekwisha kuanza, nami nimesimama mbele kabisa ambapo hakuna mtu wa kuniziba. Kando yangu vijana walikuwa wakirusha picha moja kwa moja mtandaoni. Simu yangu ikalia: ni mpwa wangu wa Marekani, anatazama matangazo yale yale na ameniona kichwa. Tukazungumza, na ghafula uzi wa gitaa ukakatika, mpiga gitaa akauma midomo, nami nikasema, "Loo, umekatika."

"Nini kimekatika, Mjomba?"

"Uzi. Ngoja, utaona."

Kimya kikapita. Kisha nikamsikia akiguna kule aliko.

"Na sasa," nikamwambia, "mwimbaji anavua koti. Hebu mtazame. Na yule mnene wa ngoma ataanguka—"

"Mjomba, tafadhali!"

"—ameanguka."

Akakata simu. Nikampigia tena.