Kiti Kimoja, Maprofesa Wawili

Januari 2020 Chuo Kikuu cha Nairobi kilijaliwa manaibu chansela wawili kwa mpigo. Profesa Stephen Kiama, mtaalamu wa tiba ya mifugo, alikuwa amepita usaili wa Tume ya Utumishi wa Umma na kuteuliwa. Waziri wa Elimu, George Magoha, akafuta uteuzi huo, akamkabidhi Profesa Isaac Mbeche usukani. Magoha mwenyewe alikikalia kiti hicho miaka 10; utamu wake hakusimuliwa. Mahakama ikaisimamisha amri ya waziri. Kuanzia kampasi ya Barabara ya Harry Thuku hadi ile ya Kabete, mwenye barua ya kutiwa sahihi alibaki kuuliza: aipeleke kwa bosi yupi? Unakitamani kiti hicho? Andaa wasifu, joho na wakili. Pesa zikipungua, anza na wakili.