Sifa za Helikopta ya Bei ya Kutupa

Tai ameshasifiwa na washairi, na ndege mpya ya abiria haitui uwanjani bila kumwagiwa maji na kusomewa hotuba. Leo ni zamu ya mnyonge: helikopta ya rimoti, ile ya plastiki, ndefu kama shubiri, inayonunuliwa kwa chenji iliyobaki baada ya kodi ya nyumba na ada ya shule. Watu huidharau kwa kuwa inaanguka. Mimi naisifu kwa sababu hiyohiyo.

Kwanza, nasaba. Chombo hiki ni cha ukoo mwema. Babu yake, VS-300 ya Igor Sikorsky, alipoinuka ardhini huko Stratford, Marekani, mwezi Septemba 1939, alikuwa amefungwa kamba asije akatoroka. Mjukuu hafungwi kamba. Hutoroka apendavyo, na makazi yake ya kudumu ni juu ya kabati.

Pili, ukweli. Droni yenye mapanga manne ni mnafiki: ukiachia vidole inajisimamia hewani, kompyuta ikifanya kazi yote, nawe unajiita rubani. Helikopta haikupambi. Panga lake kuu likizunguka upande huu, kiwiliwili kinataka kuzunguka upande ule; ndiyo maana zile kubwa zina panga dogo mkiani la kukizuia. Za wanaoanza, mfano S107 ya kampuni ya Syma ya China, zina jozi mbili za mapanga kwenye mhimili mmoja, moja juu ya nyingine, zikizunguka kinyume. Kila jozi inafuta ubishi wa mwenzake, kama ndoa iliyodumu. Matokeo yake ni utulivu wa kupendeza, ilimradi asitokee mtu akawasha pangaboi.

Maana upepo haiuwezi, na jua pia haipatani nalo. Nyingi za bei hii huongozwa kwa miale ya infraredi, kama rimoti ya televisheni, na mwanga wa jua huimeza miale hiyo. Watu wanaita udhaifu. Mimi naita malezi. Mchana inakuacha ufanye kazi yako, jioni inakungoja sebuleni. Taja starehe nyingine inayomrudisha mtu nyumbani mapema.

Tatu, haki. Ikikupa mkia, kushoto kwako ni kushoto kwake. Ikigeuka ikakutazama usoni, kushoto kwako kunakuwa kulia kwake, na kidole kilichozoea kinaipeleka moja kwa moja kwenye pazia. Tumehubiriwa miaka nenda miaka rudi tujifunze kusimama upande wa mwenzetu. Hakuna mhubiri aliyetukazia somo hilo kwa haraka hivi.

Na waoga haiwabembelezi. Anayeanza hudhani usalama uko chini, akaiinua kidogo tu juu ya zulia. Kumbe hapo ndipo inapoyumba zaidi, kwa sababu upepo inaousukuma unagonga sakafu na kuirudia. Ipandishe hadi usawa wa kiuno, itatulia. Ni wakubwa wachache mno wanaompa nafuu mtu kwa kuthubutu.

Nne, kiasi. Hukupa dakika saba au nane hewani, kisha inadai nusu saa na ushei kwenye chaja. Wenye pupa wanaona wizi. Lakini muda huo ndio wa kunyoosha mhimili, kubadili panga na kutafuta skrubu iliyobingirika chini ya kochi. Bila betri hiyo ndogo, nani angejua kilichomo chini ya kochi lake?

Sasa ilinganishe na ndugu zake matajiri. Zile kubwa zina mapanga ya nyuzi za kaboni, marefu hata sentimita 70 kila moja, yanayozunguka takriban mara 2,000 kwa dakika. Kosa moja linakwenda na mapanga, mhimili na giya, na aliyesimama karibu anaweza kwenda nayo. Ndiyo maana wenye busara hujifunzia kwanza kwenye programu ya kompyuta, waangushe bure. Na wako wenye nazo wanaozifuta vumbi zaidi kuliko wanavyozirusha. Hii yetu haijui heshima ya namna hiyo. Isiyoumiza kuivunja ndiyo isiyotisha kuirusha, na inayorushwa kila jioni ndiyo inayofundisha. Basi nunua mapanga ya akiba siku ileile unayoinunua yenyewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Akitokea wa kuibeza, mtajie Ingenuity, helikopta ya NASA iliyoruka kwenye sayari ya Mirihi tarehe 19 Aprili 2021. Nayo ilikuwa na jozi mbili za mapanga kwenye mhimili mmoja, zikizunguka kinyume, mpango uleule wa sebuleni kwako. Iligharimu takriban dola milioni 80, ikatarajiwa kuruka mara tano, ikaruka mara 72, na Januari 2024 ikaharibika mapanga ilipokuwa ikitua. Ikastaafu hapohapo, maana fundi hakuwepo wala duka la vipuri. Yako imevunjika mapanga jana, juzi na majuzi, na leo jioni inaruka. Sasa nani achekwe?