Namna ya Kulisha Watu 600 kwa Sahani Moja ya Biriani

Chagua biriani, usichague pilau. Pilau ni tamu, hakuna anayebisha, lakini mbele ya kamera ni kichuguu cha kahawia tu, hata uipambe kwa kachumbari. Biriani imejaliwa: wali wa zafarani huku, masala na vitunguu vya kukaanga kule, paja la kuku limejilaza juu. Urojo usiuguse kabisa. Bajia, kachori na viazi vikishazama kwenye ule uji wa manjano, mlaji anajua raha yake, ila mtazamaji atakuuliza kama unaumwa. Kisamvu na mlenda uvile siku usiyo na bando.

Zamani chakula kilifichwa. Mtoto akitumwa kwa jirani kabla ya adhana ya magharibi, sahani ya futari ilifunikwa kwa kawa la ukili, ili vumbi, nzi na jicho la hasidi vibaki nje. Hasidi aliogopwa kuliko nzi. Siku hizi hasidi ndiye tunayempikia.

Kilichowatesa wazee wetu ni harufu. Ukikaanga nyama, harufu inaruka ukuta bila kukuomba ruhusa, na aliyefikiwa na harufu ana haki yake. Mtume alimwagiza Abu Dharr kwamba akipika mchuzi azidishe maji na awakumbuke majirani, na bibi zetu walizidisha kweli. Wewe umepata nafuu: picha haina harufu. Jirani wa ukuta wa pili ataiona saa ile ile na binamu aliyeko Muscat, na hakuna atakayedai bakuli. Huna haja ya kuzidisha maji, zidisha mwanga.

Basi sogea dirishani, lisukume kando sufuria lenye masizi, upige kutoka juu. Wenye njaa wasubiri. Babu akinyoosha mkono, mwambie, “Subiri kidogo, babu, naweka status.” Atarudi kunawa. Mkiwa kwenye sinia moja ni lazima uwahi, maana kila mtu hula upande wake, na wa kwanza akishachimba pango lake, picha imeharibika. Kevin Systrom, mmoja wa waanzilishi wa Instagram, picha yake ya kwanza humo, Julai 2010, aliipiga kwenye kibanda cha taco huko Mexico, na alichopiga ni mbwa. Kibanda kizima cha chakula, yeye akaona mbwa! Tumetoka mbali.

Picha za status za WhatsApp, zilizoanza Februari 2017, hukaa saa 24, muda ambao biriani isiyo na friji haiufikishi. Gonga kale kajicho ka chini uone orodha ya waliotazama. Bibi hakuwahi kujua nani amenusa na kunyamaza; wewe unamjua kwa jina na dakika. Akitokea wa kuuliza, “Mbona hukutualika?” jibu upesi, “Karibu sana!” Usitaje siku wala saa. “Karibu” ya barazani ilikuwa na hatari zake, kwani mpita njia angeweza kweli kuvua viatu na kukaa. Hii ya simu haijamvua mtu kiatu hadi leo.

Sasa tuje kwenye jambo zito, mchango wa harusi. Shughuli za zamani zililipiwa kwa mikono. Kina mama walifika siku moja kabla na visu vyao kwenye mikoba, wakachambua mchele, wakamenya thomu, wakatwanga bizari, na kila ndoa ya mtaa ikajadiliwa hadi usiku. Asiye na senti alitoa jasho lake, na kesho yake alikula kama wengine. M-Pesa ilipoingia, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mchango ukapata njia ya mkato. Leo kundi la kamati linakuamsha kila asubuhi kwa orodha ya waliokwishatoa, na chini kabisa jina lako, mbele yake neno “ahadi”. Visu havihitajiki tena.

Mweka hazina akikufuata faragha, tiki mbili za buluu zitakuumbua kwamba umesoma. Tiki hizo zilianza Novemba 2014, na unaweza kuzizima. Lakini ujue kwamba ukizizima, na orodha ya waliotazama status yako inapotea. Uamuzi ni wako: kukwepa mchango wa harusi ya mpwa wako, au kujua kama yule fulani ameiona biriani. Wengi ninaowafahamu wamelipa mchango.

Yuko mtu mmoja ambaye mwongozo huu haujampatia dawa, naye ni jirani mwenye kitochi. Status haoni, like hana, na kwenye kundi hayumo. Harufu imemfikia vilevile, ila hakuja kuomba. Jioni atabisha hodi na bakuli la kunde za nazi, eti amepika nyingi. Mpokee kwa mikono miwili, na bakuli lake usilirudishe tupu. Tia biriani, hata kama imepoa kwa kupigwa picha.